Breki za Gari la Baba

Breki za dramu zikianza kuchoka hazikwambii. Unakanyaga, gari linapunguza mwendo. Unakanyaga tena, linapunguza kidogo. Mara ya tatu mguu unakwenda mbali kuliko ulivyozoea na gari linaendelea na safari yake kama vile hujalisemesha. Ndivyo ilivyonitokea kwenye mteremko mrefu tunaoushuka kutoka kwetu Nyabiyonza kwenda hospitali ya Nyakahanga, Mama akiwa kando yangu na kadi yake ya kliniki ya presha mapajani. Nililazimisha gia ndogo, giaboksi ikalia, nikalielekeza gari upande wa mlima hadi tairi zikapanda ukingo wa udongo na tukasimama. Magurudumu yalikuwa yanatoa moshi mwembamba na harufu ya kitu kilichoungua. Mama alifungua macho akauliza kama tumegonga mtu. Nikamwambia hapana, tumegonga ardhi tu.

Gari lenyewe ni dogo, la milango miwili, rangi ya chai ya maziwa, la zamani kiasi kwamba vijana wa bodaboda husimama kulipiga picha. Baba alilinunua kwa daktari wa Kizungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, na kwa miaka mingi ndilo lililobeba maharusi wetu, wagonjwa wetu na mikungu yetu ya ndizi. Karibu kila mtu wa rika langu hapa kijijini amewahi kulisukuma. Baba ndiye aliyenifundisha kuliendesha, mimi msichana, wakati ambapo mdogo wangu wa kiume nilikuwa bado nambeba mgongoni. Watu walimcheka. Alisema mvulana atajifunza akikua.

Baba alipofariki, siku ya kumaliza matanga, mdogo wangu alikalishwa kwenye kigoda cha Baba kuwa mrithi, omusika kama tunavyosema nyumbani. Hilo halikunishangaza wala kuniuma. Tuko wawili tu, yeye ndiye mwanamume, na huku kwetu mambo huenda hivyo. Akakabidhiwa kigoda, akakabidhiwa shamba la migomba na mibuni, akakabidhiwa na ufunguo wa gari. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliinuka, akaja mpaka nilipokuwa nimekaa mkekani na Mama, akaniwekea ule ufunguo mkononi mbele ya ukoo mzima. Akasema yeye anakaa Bukoba, mjini ana usafiri, mimi ndiye ninayeishi na Mama, basi niliendeshe mimi. Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Shangazi zangu wakapiga vigelegele.

Mimi nina duka dogo la dawa za mifugo. Wateja wangu wengi ni wafugaji, wengine wametulia vijijini, wengine wanakaa na mifugo yao huko kwenye mbuga, na nimeuza dawa ya kupe huku nikisikiliza kesi zao miaka yote. Kwao ng'ombe hupewa mtu kwa namna mbili. Kuna wa kutunza: maziwa unakunywa wewe, samadi ni yako, lakini ndama si wako, na siku mwenyewe akija unamfungulia zizi bila neno. Halafu kuna wa kupewa, anayekuwa wako kabisa. Kwa kuwa mnyama ni yule yule, mfugaji akikabidhiwa kamba haoni haya kuuliza hapo hapo, mbele ya mashahidi: huyu ni wa kutunza au ni wangu? Hakuna anayenuna. Ni swali la heshima, linawaepusha watu na baraza la kata.

Swali hilo nimelisikia kwenye kaunta yangu hadi nimelichoka. Siku ile ya ufunguo halikunijia kabisa. Lingenijiaje? Huyu alikuwa mdogo wangu, na ule ulikuwa ufunguo, haukuwa kamba ya ng'ombe.

Baada ya ile hofu ya mteremko nililipeleka gari taratibu hadi Omurushaka kwa fundi aliyekuwa akimtengenezea Baba. Alifungua magurudumu ya mbele akanionyesha. Breki ya dramu ni ngoma ya chuma iliyofunikwa. Ndani yake mna shuu mbili zinazotanuka na kusugua ukuta wa ngoma mpaka gurudumu linasimama. Kwenye tambarare hakuna tatizo. Kwenye milima yetu, ukiikanyaga muda mrefu, joto linakosa pa kutokea, shuu zinachemka kama chungu chenye mfuniko, na zikichemka hazishiki tena. Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi, inayobanwa na pedi kutoka pande mbili. Upepo unaipoza na maji yanarushwa nje.

Hakuwa mtu wa kunidanganya kwamba diski ni muujiza. Alisema matope na mchanga vitakula pedi upesi kwa kuwa hazina kifuniko. Alisema kigari hiki hakina msaada wa injini kwenye breki, kwa hiyo nitahitaji mguu mzito zaidi. Ingebidi abadilishe haabu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, mipira ya mafuta ya breki na masta silinda inayoyasukuma. Lakini uzito wa gari ukiwa unateremka wote unakuja mbele, akasema, kwa hiyo gari likiwa lake angeweka diski mbele, akaacha dramu nyuma ambako handibreki imekaa, kisha angelala usingizi. Bahati nzuri kulikuwa na gari ndugu ya hili, toleo la baadaye kidogo, limechinjwa kuuzwa vipuri kule Nkwenda wilayani Kyerwa, na diski zake za mbele zilikuwa bado nzima.

Ningeweza kuamua mwenyewe siku hiyo hiyo. Lakini mrithi ni mrithi, nikampigia simu kwa adabu. Nilimweleza kila kitu: mteremko, moshi, Mama. Akaanza kunipa sababu. Alisema barabara zetu ni za matope na diski zitakwisha kabla ya msimu wa kahawa. Alisema Baba aliendesha na dramu maisha yake yote na hakuwahi kuanguka. Alisema mafundi wa siku hizi wanapenda kubadilisha tu. Niliposhikilia msimamo akasema nisifanye chochote, anakuja mwenyewe.

Akaja kweli, Jumamosi, amebeba shuu mpya kabisa ambazo alikuwa amezitafuta hadi akapata za asili ya gari lile. Nilimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna na ndizi za nyama, nikamwita fundi naye akaja kula. Mdogo wangu alilala chini ya gari na suruali yake ya mjini. Aligusa kila kitu. Alipiga picha dramu zote nne, akapiga picha injini, mpaka kile kibati kidogo chenye namba za kiwandani alikisugua kwa leso akakipiga picha. Nikamwambia fundi kwa kunong'ona kwamba huyu amemkumbuka Baba. Fundi akatazama sahani yake.

Tulipokuwa tunakunywa chai nikarudia ombi langu la diski. Mdogo wangu akaweka kikombe chini.

"Dada, hili ni gari la Baba," akasema. "Tukianza na breki, kesho ni injini, keshokutwa litakuwa gari la nani?"

Maneno yale yaliniingia mpaka ndani kabisa, maana nilifikiri mimi ndiye niliyebaki peke yangu kumuomboleza Baba, kumbe tupo wawili. Nikamwambia fundi afunge shuu mpya na aachane na habari za Nkwenda. Mdogo wangu akanishika bega. Baadaye akaingia ndani kwa Mama, wakakaa huko muda mrefu wakiongea kwa sauti ya chini, na mimi nikawaacha kwa furaha, nikaenda kumkatia mkungu wa kupeleka Bukoba.

Kwa hiyo tuliendelea na dramu. Shuu mpya zilisaidia, siwezi kukataa. Fundi alinifundisha kushuka na gia ya kwanza tangu juu kabisa, na kusimama katikati ya mteremko kuzipumzisha. Tulipata mahali petu, penye miti ya mikaratusi, pana nafasi ya kuegesha. Nilikuwa naweka jiwe mbele ya tairi, tunakaa. Wapita njia walitusalimu na kuuliza kama gari limekufa, nami nikawajibu kwamba halijafa, linavuta pumzi. Nilikuwa nacheka nikisema hivyo. Nilijiona nafanya kitu cha maana, nimebeba kumbukumbu ya mzee wangu na kumtunza mama yangu kwa safari moja. Mama alitafuna kahawa yake, akatazama bonde.

Kisha mvua za masika zikaja. Chini ya mteremko kuna mahali maji hukatiza barabara, na dramu zikishaingia maji hazishiki kwa pamoja: moja inashika, nyingine bado inateleza. Siku moja tulivuka maji yale, mbele kidogo bodaboda ikajitokeza, imembeba mama mmoja na mtoto mgongoni. Nikakanyaga breki. Gari likavuta kushoto kwa nguvu, moja kwa moja kuwaelekea. Nilivuta usukani kwa mikono yote miwili na tukapita karibu nao hivi kwamba nililiona ua la kanga yake. Dereva wa bodaboda alinitukana na nilistahili. Nilisimama mbele kidogo, nikaegemea usukani, nikasema kwa sauti kwamba basi, yametosha. Kumbukumbu ya Baba isije ikaua mtoto wa mtu. Mama alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga.

Sikupiga simu tena. Nilifunga duka, nikapanda gari la abiria hadi Nkwenda, nikazipata zile diski kwenye banda la mwenye gari lililochinjwa, pamoja na haabu zake na vibanio vya pedi. Nilizileta kwenye gunia la pumba, nzito, zimenichubua bega. Kliniki ya Mama ilikuwa inakaribia na nilitaka safari hiyo tushuke na diski. Nilimpelekea fundi gari na gunia pamoja, nikajikalisha kwenye kiti cha plastiki, nikamwambia siondoki mpaka nizione zimefungwa.

Fundi alizitoa, akazigeuza, akazisugua kutu kwa kidole. Alisema ni nzima, hazijapinda. Kisha akazirudisha ndani ya gunia, moja baada ya nyingine, akaanza kujifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Nikamuuliza kuna nini.

"Waitu, samahani Dada, mimi nilijua mmeshaongea," akasema. "Yule bwana wa Mwanza anayelinunua anataka lilivyotoka kiwandani. Siku ile ya shuu mdogo wako alinikataza nisibadilishe hata nati."

Nilimwambia sijui bwana yeyote wa Mwanza. Hapo fundi akaona aibu kweli, lakini alikuwa ameshaanza, ikabidi amalize. Huyo bwana anakusanya magari ya zamani. Alikuwa ameshakuja pale gereji kuliona, baada ya zile shuu mpya, siku niliyoliacha kubadilishiwa mafuta. Aliondoka amefurahi kwa sababu kila kitu kilikuwa cha asili, hasa breki. Alisema wengi huzing'oa dramu, na gari likishang'olewa dramu kwake halina maana tena. Nikauliza makubaliano hayo ni ya lini. Fundi akafikiri, akasema bwana mwenyewe alimwambia ni tangu kiangazi, kabla hata sijamletea gari likitoa moshi.

Kabla. Nilikaa na neno hilo kwenye kile kiti cha plastiki. Kwa hiyo nilipompigia simu mdogo wangu nikimwambia Mama alikuwa ndani, yeye alikuwa ameshampa mtu neno lake. Matope yalikuwa ya kunipumbaza. Pedi zinazokwisha upesi zilikuwa za kunipumbaza. Zile picha zilikuwa za mnunuzi, na zile shuu mpya zilizonigusa moyo hazikuletwa kwa ajili ya mama yetu, zililetwa ili mali isiharibike. Na Baba, ambaye jina lake ndilo lililonifunga mdomo, alitumiwa kama kufuli. Nimewahi kuibiwa dukani, nimewahi kuachwa na mwanamume, lakini sijawahi kuzungukwa namna ile na mtu niliyembeba mgongoni.

Nilimwomba fundi afunge diski hivyo hivyo. Akakataa. Nilimwomba tena kwa ukali, nikamwambia mambo ambayo hakustahili kuambiwa. Akasema gari ni la mrithi, yeye ana watoto, hataki kesi. Nikampigia mdogo wangu pale pale, watu wa gereji wakisikia, sikujali.

Hakukana. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu, kwamba hakujisumbua hata kukana. Alisema alikuwa anangoja wakati mzuri wa kuniambia. Alisema bei ni nzuri na angemwezekea Mama nyumba upya. Nikamwambia alinipa gari lile mbele ya ukoo.

"Nilikupa utunze, Dada," akasema. "Sikusema ni lako."

Alikuwa sahihi. Hakusema, nami sikuuliza. Nikamuuliza jambo moja tu: nilipokwambia breki zimegoma mlimani na Mama yumo, ulifikiri nini? Akasema, kwa sauti laini kabisa, kwamba hakuwa na wasiwasi kwa sababu mimi naendesha vizuri, Baba mwenyewe alikuwa akinisifu. Alinivika kilemba cha ukoka huku ananizika. Nilikata simu.

Lori la kulichukua lilikuja wiki hiyo hiyo, mdogo wangu na mnunuzi wakiwa ndani yake, labda kwa kuwa waliogopa nitafanya kitu. Nilikuwa nimefikiria nyundo, sifichi. Mnunuzi alikuwa mtu mzima mpole, akamwamkia Mama shikamoo kwa kuinama, akanisalimu mimi kwa mikono miwili. Alizunguka gari, akachuchumaa, akagonga dramu ya mbele kwa kidole, akatabasamu. Alinishukuru kwa kulitunza vizuri. Aliyasema kwa moyo safi, naamini hakuambiwa lolote kuhusu mteremko. Nikampa ufunguo. Walilipandisha kwa mbao mbili, watoto wakalikimbiza mpaka barabara kubwa, na mdogo wangu akapunga mkono kutoka dirisha la lori bila kunitazama usoni.

Jioni ile nilimkuta Mama jikoni anamenya ndizi. Nilikuwa nimejizuia siku zote hizo nisimwambie, maana presha yake ni ya kuchunga, na kwa kuwa nilidhani itamuua kujua mwanawe alimpima na gari akachagua gari. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu. Nikakaa kwenye kigogo karibu naye, nikamwambia yote: kwamba mwanao aliliuza gari kabla ya ule moshi, kwamba alituacha tushuke mlima na zile breki msimu mzima akijua, mimi na wewe, ili mnunuzi asikasirike.

Mama aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitupia kwenye maji.

"Aliniambia," akasema. "Siku ile alipoleta shuu. Akaniomba nisikwambie, usije ukaacha kulitunza."

Nilimtazama mikono. Nikamuuliza, basi kwa nini ulipanda, Mama? Kila kliniki ulipanda.

"Ningekataa ungeuliza sababu," akasema. "Na yeye ndiye atakayenizika, mwanangu. Wewe ni wa hapa kwa sasa tu."

Alisema bila ukali. Alisema kama anavyonikumbusha kufunga kuku. Mimi ndiye ninayempikia, ninayemwogesha akizidiwa, ninayejua dawa ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya jioni. Nilinyanyuka nikaenda kusimama migombani hadi giza likaingia vizuri, na niliporudi alikuwa ameniwekea chakula changu na kukifunika.

Kliniki iliyofuata tulikwenda kwa bodaboda. Nilimkalisha katikati, baina yangu na dereva, nikamzungushia mkono kiunoni ili asichomoke. Hatukuwa tumezungumza tangu asubuhi isipokuwa habari za kadi na sweta. Tulipofika juu ya mteremko na pikipiki kuanza kushika kasi, nilisikia mwili wake umekakamaa. Aligeuza kichwa kidogo, akanigusa mkono, akaniomba nimwambie yule kijana apunguze mwendo.

"Mwambie mwenyewe, Mama," nikasema.